Tangi la matumbawe hupimwa kwa boriti na madumu



Barua tunayoijibu wiki hii imetoka kwa mama mmoja wa Malindi, Mji Mkongwe wa Unguja. Mwanawe wa miaka kumi na mmoja amehitimu msahafu, Alhamdulillah, na baba yake alikuwa amemwahidi zawadi yoyote iliyo ndani ya uwezo. Mtoto hakutaka baiskeli wala simu. Alichotaka ni tangi la kioo la maji ya bahari, lenye matumbawe na samaki wa rangi. Baba amekubali, naye ameshakwenda kwa fundi wa vioo kuulizia tangi la sentimita 120 kwa 50 kwa 50, liwekwe katika ukumbi wa juu. Mama ameingiwa na hofu. Yeye anapendelea tangi dogo la kuweka juu ya meza, la lita 50 hivi, ili wajaribu kwanza. Anaeleza kwamba nyumba wanayokaa ni ya wakf, na kwamba chini ya ukumbi huo ndipo anapolala mama mkwe wake, mtu mzima asiyeweza kupanda ngazi. Anauliza: lipi sahihi, kubwa au dogo?

Jawabu fupi ni kwamba wote wawili wamekosea kipimo, na mama amekosea zaidi. Atuwie radhi kwa kulisema hilo gazetini, maana tunajua mume naye atalisoma. Lakini hofu yake ni ya haki, na tutaifikia.

Ada ya watu katika kila jambo jipya ni kuanza na dogo. Anayejifunza kupika pilau haanzi na sufuria ya harusi. Katika maji ya bahari kanuni hii hupinduka. Viumbe wa mwambani wameumbwa wakaishi ndani ya maji mengi mno, ambayo hayageuki kwa ghafla. Katika bahari ya Unguja joto la maji huwa nyuzi 25 hivi wakati wa kipupwe, likafika 29 au 30 mwezi wa Machi, na safari hiyo ya nyuzi tano huchukua miezi. Tangi la lita 50 lililowekwa juu ya meza, taa juu yake na dirisha pembeni, laweza kupanda nyuzi mbili au tatu baina ya asubuhi na alasiri ya siku moja ya kaskazi. Na matumbawe hayavumilii joto. Mwaka 1998, na tena mwaka 2016, bahari yetu ilipata joto kidogo tu kuliko ada yake kwa muda wa wiki kadhaa, matumbawe mengi yakapauka yakawa meupe kama chokaa, na mengine yakafa. Hiyo ni bahari nzima. Sembuse lita 50.

Joto ni moja. La pili ni chumvi. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi katika kila kilo. Maji yanapopanda kwa mvuke, chumvi haiendi nayo, hubaki chini. Chukua tangi la mama la lita 50, likipoteza lita moja kwa siku, jambo la kawaida penye feni na joto letu. Familia ikienda shamba kwa siku tatu kwa ajili ya harusi, watakaporudi wamebaki na lita 47, na chumvi imepanda kutoka 35 hadi 37. Samaki huenda akavumilia. Matumbawe na kamba wadogo huteseka. Tangi kubwa nalo hupoteza maji, tena mengi zaidi kwa hesabu ya lita, lakini sehemu inayopotea ni ndogo kulinganisha na yote, kwa hiyo badiliko huja polepole na mtu hupata nafasi ya kulirekebisha. (Pengo hilo hujazwa kwa maji matamu yaliyo safi, kamwe si kwa maji ya bahari, la sivyo chumvi huzidi kuongezeka. Maji ya mvua yaliyopita juu ya mabati au mabomba ya shaba yasitumike, kwani shaba kidogo tu huua viumbe wasio na mifupa.)

La tatu ni uchafu wa samaki wenyewe. Kila kinachoishi ndani ya tangi hutoa amonia, na amonia ni sumu. Baharini huchukuliwa na mkondo. Ndani ya kioo hakuna mkondo wa kuichukua, ila kuna bakteria ambao huota juu ya mawe na mchanga, wakaigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha wakaigeuza kuwa naitreti, ambayo madhara yake ni madogo. Samaki mmoja akifa usiku nyuma ya jiwe bila kuonekana, katika lita 50 asubuhi yaweza kukuta wenzake wamemfuata. Katika lita 180 kifo hicho ni jambo baya, si maangamizi.

Kwa hiyo aliyezoea hupenda tangi dogo kwa sababu anajua kulisoma kila saa. Anayeanza hana elimu hiyo bado, na wingi wa maji ndio unaomsamehe.

Hapa baba atafurahi na kurudi kwa fundi. Asubiri kidogo.

Tangi lake la sentimita 120 kwa 50 kwa 50 huchukua lita 300 likijaa. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa kilo moja na gramu 25 hivi, kwa hiyo maji peke yake ni zaidi ya kilo 300. Vioo vya unene wa milimita 10 huongeza kama kilo 57. Ongeza mawe, mchanga na meza madhubuti ya kubebea, na umepita kilo 400 bila shaka. Hao ni wanaume sita wazima, wamesimama juu ya eneo lililo dogo kuliko msala mmoja, hawaondoki usiku wala mchana, mwaka hadi mwaka.

Je, wamesimama juu ya nini? Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Upana wa vyumba vyetu, ule wembamba ambao wageni huustaajabia, haukuchaguliwa kwa mapambo. Ulipangwa na urefu wa boriti, ambao kwa kawaida haufiki mbali zaidi ya mita tatu. Boriti nzima, kavu, isiyo na mchwa, ni kitu cha ajabu kwa nguvu. Lakini nani amezikagua za ukumbi huu? Ncha ya boriti iliyozama ukutani ndiyo hupata unyevu wa mvua za masika, ndiyo huoza kwanza, na ndiyo isiyoonekana. Beit al-Ajaib, jengo lililokuwa fahari ya mji wote, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Hatusemi kwamba tangi la samaki ni sawa na mvua na umri wa jengo lile. Tunasema tu kwamba majengo haya huficha udhaifu wake kwa heshima kubwa mpaka siku yenyewe.

Na chini ya boriti hizo amelala bibi.

Mama ametaja pia kwamba nyumba ni ya wakf, na hili baba asilipite juu juu. Aliyepangishwa nyumba ya wakf ana haki ya kuishi ndani yake. Sakafu si mali yake kuijaribu. Mzigo wa kilo mia nne, pamoja na maji ya chumvi ambayo yakivuja hupenya kwenye chokaa na kuimomonyoa inapokauka, ni jambo la kutakiwa idhini kabla, si la kuelezwa baada. Idhini ikikataliwa, mjadala wa ukubwa umekwisha, na zawadi itafutwe nyingine.

Njia nzuri kuliko zote ni kuliweka tangi chini, juu ya sakafu iliyolala ardhini. Chini huwa na baridi zaidi, madumu hayapandi ngazi, na bibi naye atapata cha kutazama mchana kutwa. Tena tunadhani huyo ndiye atakuwa wa kwanza kugundua samaki asiyekula. Ikiwa lazima liwe juu, basi aitwe fundi anayezijua nyumba za zamani, azigonge boriti na kutazama ncha zake. Tangi liegemezwe kwenye ukuta ule ambao boriti zimeingia ndani yake, ubavu wake mrefu ukiufuata ukuta, ili uzito ugawanywe juu ya boriti kadhaa karibu na mahali zinaposhikwa. Katikati ya ukumbi, hata kama ndipo panapopendeza, pasifikiriwe.

Sasa tuje kwenye madumu, ambayo kwa maoni yetu ndiyo kipimo cha kweli kwa familia iishiyo karibu na bahari. Tangi la matumbawe huhitaji kubadilishiwa kiasi cha sehemu moja ya kumi ya maji yake kila wiki. Dumu letu la kawaida ni la lita 20. Tangi la lita 300 hutaka lita 30 kwa wiki, yaani dumu moja na nusu, na nusu dumu hakuna achotaye, hivyo ni madumu mawili. Tangi la sentimita 90 kwa 45 kwa 45 huchukua lita 182. Sehemu yake ya kumi ni lita 18. Dumu moja, basi. Mtoto wa miaka kumi na mmoja hawezi kulibeba peke yake, lakini yeye na baba yake wakisaidiana wanaweza, kila wiki, bila ya kazi hiyo kugeuka adhabu. Na jambo linalogeuka adhabu huachwa. Tumeona matangi makubwa katika kumbi za watu wenye uwezo, yamekauka, ndani yake zimewekwa kanda za zamani na maua ya plastiki.

Maji yenyewe yasichotwe pale bandarini Malindi, ingawa ni hatua chache kutoka mlangoni. Pana mafuta ya vyombo, pana damu na matumbo ya soko la samaki, na maji machafu ya Mji Mkongwe huishia baharini bila kusafishwa. Afadhali kumwomba nahodha anayetoka akuchotee mbali, maji yakiwa yamejaa, siku ambayo mvua haijanyesha. Wakati wa masika maji ya juu hupungua chumvi kwa sababu ya mvua. Yachujwe kwa kitambaa safi na yakae gizani siku chache kabla ya kutumika.

Tangi hilo la lita 182 ndilo tunalolipendekeza. Likiwa na maji, vioo, mawe na meza, litafika kilo 280 hivi. Wanaume wanne badala ya sita. Bado ni mzigo, na yote tuliyosema juu ya boriti na idhini yanabaki pale pale. Umbo lake nalo lina faida. Kina cha sentimita 45 mtoto aliyesimama juu ya kigoda hufikisha mkono chini bila kuzamisha bega, na uso mpana wa maji huvuta hewa zaidi kuliko tangi refu jembamba lenye lita zizo hizo. Tangi lililosimama kama mnara hupendeza dukani, na baada ya hapo ni taabu tupu.

Uvutaji wa hewa si jambo la kupuuza kwetu. Maji ya bahari yenye joto la nyuzi 28 hubeba miligramu 6 na nusu hivi tu za oksijeni katika lita, pungufu kuliko maji matamu na pungufu kuliko maji ya baridi, na pampu ikisimama oksijeni hiyo huanza kuliwa bila kurudishwa upesi. Wakaazi wa Unguja hawahitaji kukumbushwa habari ya umeme. Mwaka 2008 kisiwa kizima kilikaa gizani takriban mwezi mmoja, na kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 miezi mitatu, umeme utokao Bara kwa waya wa chini ya bahari ulipokatika. Waya mpya ulianza kazi mwaka 2013, lakini kukatika kwa saa chache kungalipo. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri ni lazima iwepo siku ya kwanza, pamoja na tangi, si baada ya msiba. Asiyeweza kuinunua bado hajawa tayari kwa tangi la ukubwa wowote.

Je, wataishi nani ndani yake? Hapa pia ukubwa hutoa hukumu, na mtoto aambiwe mapema. Kangaja na puju ni samaki waogeleaji. Hutumia siku nzima kwenda na kurudi kando ya mwamba, na katika sentimita 90 ni kama farasi aliyefungiwa chooni. Kitatange ni mzuri kupita kiasi, lakini wengi katika jamii yake hula matumbawe yenyewe, na wale wakubwa hufika sentimita 40. Pono hukwangua mwamba kwa meno. Huyo tumwache sokoni na baharini. Wanaofaa ni wadogo wasiosafiri: jozi ya wale samaki wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, ambao baharini huishi ndani ya viumbe laini wenye mikono kama maua, lakini ndani ya tangi huishi vizuri hata bila ya viumbe hao. Wote huanza maisha wakiwa madume, na mkubwa wa kikundi ndiye hugeuka jike, Subhanallah. Pamoja nao wawili au watatu wengine wadogo, basi. Samaki watano katika lita 182. Mgeni atasema tangi ni tupu. Aache aseme.

Wanazuoni wamelijadili suala la kufuga viumbe kwa ajili ya kutazama, na wengi wameruhusu wakitegemea habari ya Abu Umayr, mtoto aliyekuwa na kidege chake, naye Mtume (s.a.w.) akamtania kwa upole bila kumkataza. Habari ya mwanamke aliyemfungia paka bila kumlisha wala kumwachia, kila mzazi anaijua. Samaki aliye kiooni hana hata uwezo wa kulia mlangoni kama paka.

Matumbawe yenyewe ndilo jambo zito zaidi, nalo halikutajwa kabisa katika barua. Yatatoka wapi? Baba huenda anawaza kumtuma kijana mzamiaji avunje vipande mwambani. Asifanye hivyo. Mwamba wa Chumbe umefungwa kwa uvuvi tangu miaka ya 1990, na matumbawe yote ya mawe yamo katika orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio katika hatari. Hata mahali pasipokuwa hifadhi, mamlaka ya uvuvi ya Zanzibar iulizwe kwanza juu ya kila samaki na kila kiumbe kitakachotolewa baharini kwa kazi hii. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyopo Unguja tangu 1978, ina watu wanaoweza kueleza kwa Kiswahili kipi kinavumilia kufungwa na kipi hakivumilii.

Yapo yaliyotokea kwa wengine. Mwaka 1854 Mwingereza Philip Henry Gosse alichapisha kitabu kilichowafundisha watu kuweka viumbe wa baharini ndani ya vioo. Uingereza nzima ikashikwa na hamu hiyo. Wake kwa waume wakamiminika pwani na vikapu. Mwanawe Edmund, katika kumbukumbu alizochapisha mwaka 1907, alisikitika kwamba vidimbwi vya mwambani alivyovijua utotoni vilikuwa vimekwanguliwa vikabaki vitupu. Kila familia ilichukua kidogo tu.

Kwa upande wa pili yuko Lee Chin Eng wa Jakarta, mtu wa pwani kama sisi, ambaye makala yake ya mwaka 1961 iliwashangaza wafugaji wa Marekani na Ulaya. Yeye hakuwa na mitambo. Alikuwa na maji ya bahari, mwanga, mapovu ya hewa na mawe yenye uhai. Somo la kuchukua kwake ni kwamba jiwe ndilo moyo wa tangi, si mtambo wa bei kubwa. Na jiwe hilo si lazima liibwe mwambani. Jiwe kavu la matumbawe ya kale linalochimbwa nchi kavu, lile lile lililojengea nyumba za Malindi, likiwa safi, halijapakwa chokaa wala saruji, likioshwa na kuloweshwa, hugeuka makao ya bakteria baada ya wiki kadhaa. Lina matundu, ndiyo maana linafaa.

Wiki hizo ndizo ngumu kwa mtoto. Tangi litajazwa, pampu itazunguka, na ndani hakuna samaki hata mmoja kwa wiki nne hadi sita, mpaka vipimo vionyeshe amonia na naitraiti vimefika sifuri. Apewe daftari aandike kila jioni joto, chumvi na kimo cha maji. Katika muda huo apelekwe Nungwi, penye bwawa la asili la Mnarani wanakotunzwa kasa. Aulize ni nani anayebadilisha maji ya bwawa lile. Ataonyeshwa bahari ikijaa na kupwa mara mbili kwa siku. Kisha arudi nyumbani atazame dumu lake moja.

Baba naye atakapokwenda tena kwa fundi wa vioo, ampe vipimo kwa sentimita wala asimtajie lita, akatae kioo kilichokwisha kutumika dirishani, na tangi lijazwe maji matamu uani kwa siku tatu, gazeti kavu likiwa limetandikwa chini yake, kabla halijaingizwa ndani.